Kichwa cha Gabus

Mpok Maswanih hakuwa mtu wa kupendwa, na tuanzie hapo ili asije mtu kunilaumu baadaye. Alikuwa akiuza wali wa nazi kila asubuhi mbele ya nyumba yake pale mtaani Srengseng Sawah. Wali wake ulikuwa mtamu, ndiyo maana watu wakauvumilia mdomo wake. Ukimwomba akuongezee pilipili, atakuuliza kama mkeo hana cha kukuwasha huko nyumbani. Ukimwambia kuku leo mdogo, atautaja ukoo wenu wote mpaka amfikie babu yako aliyewahi kukamatwa na bata wa watu. Wanaume wazima, wenye masharubu yao, walikula pale wameinamisha vichwa, wakalipa, wakaenda zao.

Mtu mmoja tu mtaani hakuwahi kuonja wali ule, naye ni shemeji yake, Naisin, mdogo wa marehemu mumewe Satiri. Naisin alikaa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa sigara moja, akitengeneza matundu ya ndege. Tangu siku ya maziko ya kaka yake, miaka tisa sasa, hakumwita Maswanih kwa jina la heshima. Mke wa kaka ni Mpok, hata awe na pembe. Yeye akimtaja alisema "mwanamke yule", na Maswanih naye akimtaja alisema "fundi matundu". Wakikutana njiani mmoja hutazama ziwa, mwingine hutazama mbingu.

Na hayo yote mtu angeweza kuyavumilia, kama si nyorog.

Kwetu, wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, mdogo humpelekea mkubwa chakula, na hiyo ndiyo nyorog. Unapika, unapanga kwenye rantang, yale mabakuli ya bati yanayopandana yakabanwa kwa mshikio mmoja, unatoka kwa miguu yako unakwenda kubisha hodi. Aliyepelekewa anajua bado anahesabiwa. Asiyepelekewa anajua pia, na majirani wanajua kabla yake. Satiri alipokuwa hai, Naisin alimletea kaka yake rantang kila mwaka. Satiri alipolala kaburini, rantang ikakoma, kana kwamba nyumba nayo ilizikwa. Mwaka ule wa kwanza Maswanih alikaa kibarazani wiki nzima, mchana kutwa, akiwatazama watu wanavyopita na rantang zao.

"Mimi chakula chake sikitaki," akawaambia watu ambao hawakumuuliza.

Basi, mwaka huu binti yake wa pekee, Mutiah, akaposwa. Mchumba mwenyewe Fahruroji, fundi wa lifti, kijana mpole mno kiasi cha Maswanih kumtilia shaka. Harusi ikapangwa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Mambo yote yakaenda sawa hadi mtu mmoja akauliza swali lililokuwa limekaa katikati ya chumba muda wote huo. Nani atamwozesha binti? Baba hayupo, babu hayupo, kaka hana. Aliyebaki ni baba mdogo, naye ni Naisin.

"Kadhi yupo," akasema Maswanih. "Sheria imeweka. Asiye na walii kadhi anamwozesha, kwisha."

"Nyak," Mutiah akamwambia mama yake, "mimi nina walii."

"Unaye fundi matundu."

"Ni ndugu yake Babe, baba yangu. Mimi sikuokotwa jalalani hata niozeshwe na serikali." Mutiah alikuwa amesimama na mikono kiunoni, na hapo ungedhani Maswanih anagombana na kioo. "Siku ile mkono utakaoshika mkono wa Fahruroji nataka uwe mkono wa damu ya Babe. Asipokuja baba mdogo, Encing Naisin, siolewi. Namrudishia Fahruroji posa yake, tukae hapa mimi na wewe tuuze wali mpaka tuote mvi."

"Mimi tayari ninazo."

"Basi nitakufuata."

Maswanih akamjua mwanawe. Akisema siolewi, haolewi. Ukaidi ule haukutoka kwa Satiri, maskini, Satiri alikuwa mtu wa kusema ndiyo.

Sasa tazama vijana wa siku hizi. Mutiah kazi yake ni ofisini, huko katikati ya mji, kwenye mambo ya bima, na akili yake huko ndiko inakolala. Akawaza: njia ya kwenda kwa Encing ni nyorog. Vizuri, kawaza sawasawa. Akanunua dodol dukani, akanunua samaki bandeng aliyepikwa tayari, akapanga kwenye rantang ya mama yake. Kisha, badala ya kuvaa viatu, akabonyeza simu, akaita kijana wa bodaboda, akamkabidhi.

Bodaboda! Nyorog imepanda bodaboda!

Haikupita saa, kijana akarudi na rantang vilevile, jasho linamtoka.

"Dada, mzee kakataa."

"Kasemaje?"

"Kasema nisiseme."

"Sema."

"Kasema, mwambie aliyekutuma, hata bata wangu wakitaka kuja nyumbani huja kwa miguu yao." Kijana akafuta uso. "Na mimi kanitazama kama nimemwibia."

Maswanih alicheka hadi akashika ukuta, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata tone. "Umempelekea baba yako mdogo nyorog kama unarudisha dukani viatu vilivyokubana! Loo, Mutiah! Mimi namchukia mtu yule miaka tisa, na tusi kubwa kama hilo sijawahi kulipata!"

Mutiah akakaa chini pale pale mlangoni akalia. Hakulia kwa kudeka, alilia kama mtu aliyefunga mlango mwenyewe na ufunguo ukabaki ndani. Maswanih akaacha kucheka. Akasimama muda mrefu akiitazama rantang juu ya meza. Kisha akachukua kikapu chake cha sokoni.

"Wapi, Nyak?"

"Kununua samaki. Wako huyo mpe paka."

Na hapo akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya. Alipita mbele ya bandeng, akapita mbele ya wote waliolala kwenye barafu, akaenda kusimama mbele ya ndoo ya gabus. Gabus ni samaki wa matope, mweusi, kichwa chake cha nyoka, na huuzwa hai kwa sababu hafi upesi. Zamani ndiye aliyekuwa samaki wa nyorog, hasa nyorog ya kumpelekea mama mkwe. Lakini nyumba ile gabus hakuwa ameingia miaka tisa, wala nyumba ya Naisin.

Sababu yenyewe mtaa wote ulikuwa unaijua. Wiki kama hii, mwaka ule, Satiri alikuwa kanunua bandeng mzuri tu wa kumpelekea mama yake Maswanih. Maswanih akamtazama yule samaki akasema, "Mama yangu si mtu wa bandeng wa gengeni. Wenzio wanapeleka gabus." Satiri akacheka, akachukua fimbo yake ya kuvulia, akaenda kwenye kinamasi upande wa Depok. Mawingu yalikuwa yameanza. Radi ilimkuta katikati ya maji, fimbo mkononi.

Na pale msibani, mbele ya watu, maiti bado haijatoka, Naisin akasimama akasema, "Tumbo la mama yako limemla kaka yangu." Maswanih akajibu, "Na wewe ulikuwa wapi usimvulie?" Wazee wakaingilia kati. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokaa miaka tisa, hayakupungua hata kidogo.

Mutiah alipoona kilichomo kikapuni, akaruka. "Nyak! Huyo? Unakwenda kupatana au unakwenda kupigana?"

"Nakwenda kumlisha. Lete kinu."

Akampiga gabus kichwani kwa mchi, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. Akamkata, akamkaanga. Kokwa za pucung zilikuwa zimelowekwa, za jirani, maana kokwa hizo bila kulowekwa siku kadhaa ni sumu. Akazivunja, akatoa nyama yake nyeusi, akasaga na pilipili, tangawizi na manjano, mchuzi ukatoka mweusi tititi, na harufu ikaenda mpaka barabarani. Watu wakapita wakageuka. Gabus kwa Maswanih? Kuna nini?

Dodol wakaisonga wenyewe, mama na binti, kwa zamu, mpaka mikono ikafa ganzi. Dodol ni ndugu yake halua, ila ni jeuri zaidi. Inatakiwa jamaa nzima kulizunguka lile karai na kupokezana mwiko, na hiyo ndiyo maana yake hasa inapopelekwa kwa watu: huyu kasongewa na wengi. Ya kwao ilikuwa ya watu wawili.

Wakati wa kupakua, Maswanih akafika kwenye kichwa cha gabus akasita. Kwa akina Satiri kichwa kile kilikuwa na mwenyewe. Marehemu baba mkwe wake ndiye aliyekila, na alipokufa kikaenda kwa Satiri, kwa kuwa ndiye mkubwa. Maswanih alipoolewa nyumba ile, Naisin alikuwa bado kijana mdogo, akinyoosha mkono kukigusa anapigwa kijiko vidoleni. "Si chako!" mama yao angesema. "Cha kaka yako."

Maswanih akakichukua kichwa akakilaza juu ya mchuzi, kwenye bakuli la chini, mahali mtu hawezi kukikosa.

"Sasa mkubwa ni yeye," akasema. "Ale. Akabwe na mfupa."

Wakatoka alasiri. Mutiah ndiye mpeleka nyorog, kwa sababu Mpok hampelekei shemeji mdogo, haijapata kutokea. Maswanih alibeba tu. Ndivyo alivyojiambia njia nzima, nabeba tu.

Naisin alikuwa uani, katikati ya matundu yake, kisu mkononi na vipande vya mwanzi miguuni. Akawaona, akainama tena kwenye kazi.

"Hamsiah!" akamwita mkewe. "Kuna mtu mlangoni. Mwambie wali wa nazi hatununui."

"Mwambie mumeo," akasema Maswanih, "wali wangu unahitaji mtu mwenye meno. Hakuna aliyemuuzia."

Hamsiah akatoka mbio, mwanamke mnene mwenye huruma, akifuta mikono. "Mpok, karibu. Mutiah, mwanangu, karibuni, karibuni."

Mutiah akaenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, akainama, akauchukua mkono wake akaubusu. Naisin hakuuvuta, wala hakuunyoosha. Uliinuliwa na kurudishwa kama kitu kilichosahauliwa mezani.

"Encing, nimeleta nyorog. Ile ya juzi nilikosea. Unisamehe."

"Leo bodaboda kapata homa?"

"Leo nimekuja mwenyewe."

"Naona. Na mpagazi juu."

Maswanih akaiweka rantang chini kwa kishindo. Naisin akafungua mshikio. Hapa nisimwonee, kufungua ni heshima, na angeweza kuipiga teke. Bakuli la kwanza dodol. Akaikata kwa kisu kilekile cha mwanzi.

"Imesongwa na nani?"

"Na mimi na mwanangu."

"Dodol husongwa na ukoo."

"Ukoo ulikuwa na shughuli nyingi, unatengeneza matundu."

La pili nyama ya nyati. La tatu bandeng, aliyewekwa kumridhisha Mutiah. Naisin akafunua la nne, na mkono wake ukabaki hewani. Kichwa cha gabus kilikuwa kinamtazama kutoka kwenye mchuzi mweusi. Ndege mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye tundu, Hamsiah akalifunika kwa kanga bila sababu yoyote.

"Umeniletea huyu," akasema Naisin, pole pole.

"Nimekuletea."

"Nyumbani kwangu. Samaki aliyemuua kaka yangu."

"Kaka yako kauawa na radi. Samaki hakuwa hata kakamatwa."

"Wewe ndiye uliyemtuma!" Sasa alikuwa amesimama, kisu bado mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. "Mvua inatishia, mtu ana bandeng wake mkononi, kamaliza! Wewe na kiburi chako na cha mama yako! Ulimtuma!"

"Nilimtuma!" Maswanih naye akapandisha, wakasikika mpaka ziwani. "Nilimtuma, ndiyo! Na angekuwepo leo ningemtuma tena, na angekwenda tena! Unadhani alikwenda analia? Alitoka mlangoni kwangu akipiga mluzi. Wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyeusikia."

Naisin akakishusha kisu. Akakitazama tena kichwa kile.

"Na hii pucung umeiloweka, au ndiyo unanimaliza na mimi?"

"Ningetaka kukuua ningekuua zamani, nikiwa bado na nguvu za mikono."

"Mmemaliza?" Mutiah akasema. Akajiingiza katikati yao. "Mimi Mfungo Mosi watu wa Fahruroji wanakuja na mkate wao wa harusi, wenye umbo la mamba wawili, dume na jike. Nani ataupokea? Nani ataketi mbele yake, amshike mkono, aseme nimekuoza? Encing, nakuomba. Sikuombi kwa ajili ya Nyak."

Naisin akamtazama yule binti, na uso ulikuwa uso wa Satiri mtupu, haukuficha. Halafu akasema neno baya kuliko yote aliyosema siku ile, na alilisema kwa upole. "Muulize mama yako. Yeye ndiye anayejua kutuma watu."

Wakaondoka. Maswanih aligeuka achukue rantang yake, Hamsiah akamshika mkono. "Iache, Mpok. Tutairudisha."

Na hapo ndipo mateso yalipoanza hasa. Rantang kwetu hairudi tupu. Hata aliyepelekewa awe fukara, ataweka ndizi, ataweka kiganja cha mchele, ataweka chochote. Ikirudi tupu, hilo ni jibu. Mutiah hakula vizuri tangu siku hiyo. Kila sauti ya ndara njiani ilimwinua. Fahruroji alipopiga simu kuuliza kadi za mwaliko, alimwambia asubiri, na asimwulize kwa nini. Maswanih yeye aliuza wali, akatukana wateja zaidi ya kawaida, na mmoja akamrudishia sahani akasema hali tena pale. Akamjibu, "Hewala, harufu itapungua."

Siku ya mwisho ya Shaabani, watu wakisubiri mwezi uandame, Hamsiah akaja. Alikuwa peke yake, na rantang kaishika kwa mikono miwili.

"Mimi sijafungua," akasema haraka. "Kapanga mwenyewe. Kanifukuza jikoni."

Mutiah akafungua kabla mama yake hajamkaribisha mgeni kiti. Bakuli la kwanza limeoshwa, tupu. La pili, tupu. Mutiah akaanza kupumua kwa kinywa. La tatu, tupu, linang'aa.

"Basi, Nyak," akasema. "Basi. Tumeshajua."

"Fungua la nne."

Ndani ya la nne kulikuwa na mchuzi mweusi kidogo, umepashwa moto, na katikati yake kichwa cha gabus. Hakikuguswa. Mwili wote uliliwa, mkia uliliwa, kichwa kimebaki kizima na macho yake.

"Makombo!" Mutiah akapiga kelele. "Kala kashiba, katurudishia makombo! Encing gani huyo! Namwagia paka!" Akalinyanyua bakuli.

Maswanih akamkamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka binti akatoa sauti. "Weka chini."

"Nyak, ni tusi!"

"Weka chini nimekwambia, mpumbavu we. Hujui kitu." Akamgeukia Hamsiah. Uso wake ulikuwa umekauka. "Alisemaje?"

"Kasema..." Hamsiah akafuta mikono. "Kasema, mwambie Mpok chumvi ilizidi."

"Mwambie nani?"

"Mpok."

"Alisema hivyo? Au wewe ndiye unayenitilia sukari?"

"Wallahi kasema hivyo. Na kasema, kichwa cha kaka yake hawezi kukila. Kasema kirudi kwa mwenyewe, nyumba ya mkubwa."

Kutoka msikitini ngoma ya kutangaza mwezi ikaanza kulia, watoto wakapiga mayowe barabarani. Maswanih akavuta kiti, akaketi, akalivuta bakuli mbele yake. Akakipasua kichwa kwa vidole, akaanza kula. Alikula mashavu, akala ubongo, akanyonya mifupa mmoja mmoja, na machozi yakamshuka akayala na mchuzi bila kuyafuta. Na muda wote alikuwa akitukana, taratibu, bila kupumzika.

"Mshenzi. Chumvi iko sawasawa. Fundi matundu mkubwa we. Miaka tisa. Chumvi iko sawasawa kabisa."

Mutiah akapiga magoti kando ya kiti. "Nyak. Atakuja?"

"Atakuja." Maswanih akatema mfupa kiganjani, akautazama. "Na asipokula wali wangu siku ya harusi, namlisha kwa nguvu mbele ya wageni."